Kiendeshi cha Sauti

Mgeni aliingia dukani kwa fundi Nasra bila hodi, laptopu kaikumbatia kifuani. Alijitaja kuwa Bi Shemsa.

"Binti yangu anaolewa huko juu mwezini, saa sita kamili, nami nitamtazama kwa laptopu hii. Nikiwasha sauti tu, skrini inageuka buluu, mashine inazima."

"Kaa, mama. Utamsikia leo hii hii," alisema Nasra, kama mafundi wote waahidivyo kabla hata ya kuitazama mashine.

Akaiwasha katika hali salama, akafuta kiendeshi kibovu, ile programu inayoiwezesha mashine kutoa sauti, akaweka kingine. Buluu. Akaweka cha tatu, buluu tena.

"Mwanangu, umeniletea bahari nzima humu," Bi Shemsa akamtania.

Nasra akacheka. Kazi za namna hii zilimchangamsha damu. Ila kiendeshi kizima cha toleo lile alikijua kimoja tu, nacho kilikuwa ndani ya sikio lake la kupandikizwa, la pekee lililosikia. Na kisheria kiendeshi hakinakiliwi. Huhama, na kikishahama hakirudi.

Zilibaki dakika mbili. Nasra akachomeka waya sikioni, akabonyeza.

Duka likanyamaza. Bibi harusi akatokea kwenye skrini, hina hadi viwikoni, midomo ikicheza. Bi Shemsa akaruka kwa vigelegele. Nasra aliuona ulimi tu. Akampigia makofi, moyo ukimdunda kwa furaha.

Mama yule akamshika mabega, akamwambia jambo refu huku machozi yakimtoka.

"Si nilikuahidi," Nasra akajibu, asijue kama amenong'ona au amepiga kelele.