Bodingi ya Gavana

Murugi aliingiza kidole kwenye ndoo ya farasi, akaonja uji wa pumba, akatikisa kichwa polepole.

"Umetia chumvi," akasema.

"Na molasi kidogo." Bi Mishi alikuwa anacheka. "Mama Kingori, nimelea farasi tangu marehemu mume wangu akiwafanyia wazungu kazi ya kuwatunza. Wenye farasi wengi wamepita hapa. Sijaona aliyekuja kuonja."

Banda la Bi Mishi lilikuwa nje kidogo ya mji wa Nyeri, na watu waliliita bodingi, kama shule za kulala. Ukimpeleka farasi wako pale huulizwi kitu tena: analishwa, anaogeshwa, anapigwa brashi, akikohoa daktari wa mifugo anaitwa. Huyu aliyekuwa anangojea uji wake aliitwa Gavana. Mzungu mmoja wa Endarasha, alipofunga virago baada ya Uhuru, alimwacha pamoja na shamba. Ngatia, mume wa Murugi, akapata kipande cha shamba, na farasi juu.

Msidhani Gavana alikuwa na kazi. Jembe hakuvuta, mzigo hakubeba. Kila Jumapili Ngatia alikuja kumpanda, akazunguka naye mjini ili watu waone, akamrudisha, akamlambisha sukari. Hiyo sukari ilitoka jikoni kwa Murugi, ambaye chai yake alikunywa kavu.

Murugi aliendelea kuuliza. Maji anachota nani? Bi Mishi. Yanapashwa moto? Asubuhi za baridi, ndiyo. Paa linavuja? Hata tone. Na siku akiamka mwili haupendi kazi?

"Si atalala tu," Bi Mishi akasema. "Kwani ni kosa?"

Murugi akaukumbuka mwili wake mwenyewe. Masika yote alikuwa amekohoa, na Ngatia akamwambia anywe maji moto. Hayo maji aliyateka mwenyewe mtoni, akapanda nayo mlima mgongoni, akayapasha kwa kuni alizochanja mwenyewe. Mtoto wao Kingori alikuwa bodingi ya shule, farasi bodingi, nyumbani amebaki yeye na jembe. Mgongo ulikuwa unamwishia. Alijua kabisa kwamba akienda hivi mwaka mwingine, kuna asubuhi hatainuka. Na alikuwa amekasirika, wacha niseme ukweli, alikuwa amekasirika sana.

Jioni hiyo akamwambia mumewe, "Baba Kingori, mlete Gavana nyumbani."

Ngatia akaacha kukoroga chai. "Nyumbani? Na huko kwa Mishi iko kila kitu?"

"Watu wanasema ati hiyo farasi ni ya Mishi. Ati wewe ni mgeni tu wa Jumapili."

Hapo alimgusa penyewe. Ngatia alipenda kuonwa kuliko kula. "Nani amesema?"

"Watu. Farasi ni ya yule anaamka nayo."

"Na maji? Unajua vile Gavana anakunywa?"

"Maji yatachotwa."

"Na uji? Na brashi?"

"Nimeenda kwa Mishi nikaona vile anafanya, kitu moja moja. Si ngumu. Hata wewe unaweza."

Ngatia alicheka hadi chai ikamwagika. Hata yeye! Kisha akakumbuka jambo. "Lakini hiyo nafasi nimelipia mpaka Krismasi."

"Haitapotea. Nitaongea na Mishi."

Jumatatu wakaenda wote wawili. Ngatia akampanda Gavana, akanyoosha kofia, akawa mtu mkubwa.

"Tangulia," Murugi akamwambia. "Nabaki kidogo nitengeneze mambo na Bi Mishi. Nitakuja na gari."

Ngatia alifika Endarasha jua likizama. Nyumba ilikuwa kimya na jiko baridi. Gavana akanywa maji yote yaliyokuwako, kisha akapiga mlango mateke kudai mengine. Ngatia akangoja mkewe. Akangoja tena. Mwishowe akachukua mtungi akashuka mtoni mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aoe, na nusu ya maji ikaishia kwenye suruali. Uji ukamwungulia. Gavana akaunusa, akamtazama, akampa mgongo.

Kulipokucha Murugi hajafika, Ngatia aliingiwa na hofu ya kweli. Labda gari limepinduka. Labda kile kikohozi kimemwangusha njiani. Alikuwa anampenda mkewe, jamani, ni vile tu hakuwa amewahi kumkosa. Akamwekea Gavana nyasi, akakimbilia barabarani kutafuta gari la kwenda Nyeri.

Alipofika bandani alimkuta Bi Mishi amebeba ndoo inayotoa mvuke.

"Mishi!" Ngatia alikuwa karibu kulia. "Mke wangu hajafika nyumbani! Alitoka hapa saa ngapi?"

"Shh! Polepole, mzee." Bi Mishi akageuka kwenda kwenye chumba cha Gavana, akasukuma nusu ya juu ya mlango.

Ndani palikuwa pamefagiwa, na kitanda kimewekwa pale palipokuwa na majani. Murugi alikuwa ameketi juu yake, blanketi la Gavana mabegani, bakuli la uji mkononi, miguu kwenye beseni. Bi Mishi akaingia, akamwongezea maji moto, akachukua kitana na kuanza kumchana nywele taratibu.

Ngatia aliusukuma mlango ukafunguka wazi.

"Rudisha mlango, mzee, baridi inaingia," Bi Mishi akasema bila kugeuka. "Leo ni Jumanne, wewe siku yako ni Jumapili. Na ukija, usisahau sukari."