Nyuma ya Mlima wa Ewald

Kilichomnyima Volkmar usingizi ni treni ndogo ya mezani, ya kubeba maziwa. Aliiona kwa macho yake ikiingia kwenye handaki la mlima wa jirani yake Ewald, ikatoka ya makaa. Ikaingia ya makaa, ikatoka ya abiria. Utadhani mlima ule wa plasta una mimba ya treni.

"Ana yadi ya siri," alimwambia mkewe Irmtraud. "Huko nyuma, njia hata kumi, treni zimejipanga zinasubiri zamu. Ewald! Mtu tangu afiwe na mkewe hata yai hajui kukaanga."

"Wivu utakuua, baba," Irmtraud akasema, huku akifunga keki ya tufaha ya kupeleka kwaya.

Hapa kwetu Sauerland, Ujerumani, wenye treni ndogo hufungua vyumba vyao vya chini kipindi cha Majilio, majuma ya kabla ya Krismasi, majirani wakaja kutazama. Mwaka huu chama chao kiliamua wageni wote wapelekwe nyumba moja tu, yenye reli bora. Miaka yote bora alikuwa Volkmar. Sasa watu wanamtaja Ewald.

Basi naye akaamua kujenga yadi, tena kubwa kuliko ya Ewald. Tangu majani yaanze kupukutika alijifungia chini, akikata mbao na kuunga nyaya, kalala chali chini ya meza kama fundi wa magari. Siku moja Irmtraud alishuka, akaokota kichwa cha treni kilichodondoka.

"Nikae hapa nikupokeze, baba?"

"Weka hicho. Mikono yako ina mafuta ya kujipaka. Haya mambo yanataka utaalamu, mama."

Irmtraud akakiweka mezani taratibu, akaenda kwaya. Mazoezi yalikuwa Jumamosi mchana, na siku hizi hakosi. Anarudi mchangamfu, sketi ina vumbi magotini. Volkmar alisema tu kwamba kanisa lile halifagiwi.

Yadi yake ikamgomea. Swichi za kubadili njia zilikwama, treni zikagongana gizani, na Majilio ndiyo hayo yanabisha hodi. Jumatano akakimeza kiburi chake, akaenda kwa Ewald kupeleleza.

"Leo haifanyi kazi, ndugu yangu," Ewald akamwambia mlangoni. "Njoo Jumamosi."

"Kila siku Jumamosi. Kwani mtambo wako una likizo?"

"Una mambo yake," Ewald akacheka.

Jumamosi Volkmar akawahi. Akakaa kwenye kiti cha wageni, macho kwenye handaki. Treni ikaingia, nyingine ikatoka, bila kukwama hata kidogo. Alitafuta kasoro akaikosa, na kuikosa huko kukamuuma zaidi.

"Umenunua wapi mtambo huu?"

"Haununuliki, bwana. Ukiutunza, unakutunza. Ngoja nilete kahawa."

Ewald akapanda juu. Treni ya mbao ikaingia mlimani, na baada ya muda ikatoka ya maziwa. Mwenyewe hayupo na kazi inaendelea! Volkmar akasogeza kiti karibu na mlima. Aliwaona tayari wale wageni wakishangilia hapa, na chumba chake yeye kimefungwa, kimejaa vumbi la mbao.

Kwa watu wa treni ndogo, kuchungulia nyuma ya mlima wa mwenzio ni mwiko. Ni sawa na kufunua vyungu kwenye jiko la watu. Volkmar alilijua hilo, maana yeye ndiye aliyewakaripia wengine miaka yote. Akasikiliza nyayo za Ewald huko juu, akangoja treni ya maziwa irudi mlimani, akapiga magoti, akalifunua pazia jeusi lililoning'inia nyuma ya mlima.

Hakukuwa na njia kumi. Hakukuwa na swichi wala nyaya. Palikuwa na reli moja, rafu iliyopangwa treni, na sahani ya keki ya tufaha iliyoliwa nusu. Mwanamke alikuwa amepiga magoti, kampa mgongo, anainua treni ya maziwa kuitoa relini ili aweke ya makaa.

"Rudisha pazia, mpenzi," Irmtraud akanong'ona bila kugeuka. "Volkmar akichungulia, tumekwisha."