Alivyotajwa Kitinda

Kitinda alitia mguu kwenye mlango wa ofisi ya wakili kabla kaka mkubwa hajaufunga.

"Mambo ya wosia hayakuhusu," kaka alimnong'oneza. "Rudi nyumbani, wageni wanasubiri chai."

"Mama nimemwogesha, nimemlisha, nimemfumba macho. Leo ndiyo hayanihusu?"

Wakili, mtu mwenye tai iliyomkaba kama mgomvi, alitazama karatasi zake. "Mwacheni aingie. Aliyetajwa ana haki ya kusikia."

Aliyetajwa! Kitinda aliketi polepole, kama aliyebeba maji kichwani.

Asubuhi hiyo alikuwa ameshabandika sufuria ya maji ya kumwogesha mama ndipo akakumbuka kwamba mama ameshazikwa. Aliyaacha yakachemka mpaka yakakauka, naye amesimama tu, anayatazama.

Jina la Kitinda alipewa na mama mwenyewe. "Huyu ndiye kitinda mimba wangu," aliwaambia wageni kila mara, "baada yake nimefunga duka!" Watu walicheka mpaka chai ikawapalia. Kaka na dada walisoma mbali, wakaoa na kuolewa hukohuko. Kitinda alibaki na mama, wakazeeka pamoja.

Dada alikuwa kwenye kiti cha pembeni na leso yake. Msibani alilia kwa zamu: mgeni akiingia analia, akitoka anauliza hati ya nyumba imewekwa wapi.

"Mheshimiwa," Kitinda alisema, "nyumba wachukue, shamba wachukue. Mimi nataka kusikia tu mama aliniitaje mwishoni. Neno moja linanitosha."

"Muone anavyojifanya malaika," dada alisema ndani ya leso.

Wakili alikohoa, akasoma. "'Shamba nawaachia wanangu. Wagawane bila kutoana macho.'"

Kitinda alicheka huku machozi yakimtoka. Hiyo ilikuwa sauti ya mama kabisa, kana kwamba yuko chumba cha pili.

"'Nyumba, pamoja na vyote vilivyomo...'"

Kaka alisogeza kiti mbele. Dada alishusha leso apate kusikia vizuri. Kitinda alifumba macho.

"'...namwachia mtumishi wangu, huyu tunayemwita Kitinda, kwa kazi yake njema. Jina lake halisi, alilokuja nalo hapa kwangu, sikuwahi kumuuliza.'"