Kabla Kiduara Hakijasimama

Tunu aliingia jikoni na simu mkononi, mtandio tayari kichwani. Yeye na kaka yake Shali walipokezana kumchoma mama yao sindano ya kushusha sukari kila asubuhi, na aliyemchoma aliandika kwenye programu ya simu ili mwenzake ajue. Akaifungua. Skrini ikaonyesha: BADO. Chini yake kiduara kikazunguka.

"Mama, Shali amekuchoma leo?"

"Leo? Sijui, mwanangu. Au ilikuwa jana?"

Shali alishamwambia: skrini ikifunguka huanza na BADO, kisha huvuta alichoandika mwenzako. Ngoja kiduara kisimame. Lakini gari la kazini lilikuwa likipiga honi nje. Tunu akaifunua kanga ya mama, akabana ngozi ya tumbo, akachoma.

Alipochomoa sindano, kiduara kilisimama. TAYARI. Shali, saa moja.

Honi ikalia tena. Tunu hakuijali. Alilivuta kopo la sukari walilolificha juu ya kabati, akatia kwenye chai kijiko baada ya kijiko, akakoroga mpaka ikamwagika, huku simu aliyompigia nesi wa mama ikiita bila kupokelewa.

"Kunywa, mama. Yote."

Mama akaonja, akafumba macho. Miaka mingapi walikuwa wamemnyima chai ya namna ile!

"Kumbe leo mmenihurumia," alisema, akamrudishia kikombe kitupu. "Niongezee."

Tunu akamimina chai nyingine, akachota sukari, huku akimpigia nesi tena.