Gari ya Citoyen Inavuta Kushoto

Gari ilivuta tena kushoto, ikaacha barabara, ikaingiza gurudumu ndani ya mufereji wa mutaa wa Kapata, mbele ya batu bote wenye kutoka misa. Mwenye gari alishuka polepole, maana kutoka kule juu mutu hashuki haraka.

"Barabara mbaya hii," alisema.

Barabara ilikuwa nzima, lakini hakuna aliyejitolea kumuambia.

Citoyen Mbuyi, zamani Polycarpe, kabla inchi haijakataa majina ya bazungu na kuita kila mutu Citoyen, mwananchi, ndiye aliyetia saini kwa karatasi za safari. Tangu vita ya mwaka uliopita, bila saini yake hakuna mutu aliyepita bariyeri ya njia ya Sandoa. Na kwa kuwa mukubwa hawezi kukaa chini kama batu wengine, aliweka bipande bya chuma chini ya resori, springi za Landrova yake, ikapanda karibu kufika paa za nyumba za kampuni. Tangu siku ile usukani ulikuwa na mawazo yake wenyewe.

Fundi wake alikuwa Masudi. Masudi alikuwa na muke, Sikudhani, na binti mumoja, Zena, aliyemupa baba yake spana akiwa chini ya gari, na aliyezoea kutazama kila kitu bila kusema. Citoyen pia alizoea kutazama. Alimutazama Zena.

"Masudi, Jumamosi gari itakuwa sawa," alisema. "Na Jumamosi nakuja kumubeba Zena. Nimekwisha mutafutia nyumba, karibu na soko. Madame ku nyumba hana lazima ya kujua."

"Ndiyo, Citoyen."

"Kama haiko sawa, utalala kasho, ndani ya gereza."

"Ndiyo, Citoyen."

Sikudhani alilia jikoni siku tatu. Masudi alimuambia anyamaze, analowesha unga. Majirani balisema huyu baba amekwisha toa mutoto kama anavyotoa bisbisi: mutu akiomba, anapewa.

Fundi akaendelea na kazi. Alibadilisha pneu za mbele, mupira wa kuume kushoto, wa kushoto kuume. Gari ikavuta kushoto. Aliikimbiza, akasimama, akashika ngoma za freni kwa kiganja. Hakuna iliyochoma. Mwishoni alinyoosha kamba kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka la nyuma, Zena akashika ncha nyingine. Upande wa kushoto kamba ilikuwa fupi kwa bidole bibili: kipande kimoja cha chuma kiliteleza, ekseli ikasogea nacho.

Zena alimutazama baba yake.

"Sawasawa," Masudi alisema, akakunja kamba, chuma akakiacha vile vile.

Alhamisi Citoyen alikuja kupiga kelele. Masudi alipangusa mikono, akainama.

"Citoyen, kunabaki kitu kimoja tu. Tuijaribu ku njia ndefu, na mutu akae kuume, aipatie uzito. Mi nitakaa nyuma, nasikiliza mifupa yake. Weye mwenyewe utaendesha, gari ya vile haifai mikono yangu. Sikudhani anaweza kukaa pale."

Sikudhani alikuwa na uzito wa magunia mabili ya mahindi. Citoyen alimutazama, kisha akamutazama Zena, mwembamba kama muti wa ufagio.

"Zena atatosha."

Kwa mambo ya uzito, hakuna aliyesoma kumushinda.

Kwa bariyeri basoda balipiga saluti, hawakuomba karatasi ya mutu. Njiani gari iliingia majani mara mbili, na mara zote mbili Citoyen alieleza kwamba alitaka kumuonyesha Zena mauwa.

"Unaona, chérie? Na weye hapa, inanyooka kama mustari."

"Ndiyo, Citoyen," Zena alisema, macho kwa njia.

Kilometa ya makumi tatu, pembeni ya mama mumoja mwenye kuuza mihogo, Masudi aligonga kiti kutoka nyuma.

"Sasa uzito ushuke. Tuende na kurudi bila yeye. Citoyen anajua: uzito ukibaki ndani, ugonjwa unajificha."

Citoyen hakujua.

"Naturellement," alisema. "Nilikuwa nataka kusema vile vile."

Zena alishuka, akasimama karibu na mihogo.

Bila yeye, Landrova ilivuta kushoto kama mbuzi aliyeona bustani. Citoyen alipigana nayo kilometa tano kwenda, tano kurudi, jasho likilowesha koti yake ya abacost. Kwa kurudi, lori ya chumvi ilikutana nao ikielekea Sandoa, ikapiga honi kwa heshima. Citoyen aliinua mukono, kama wakubwa wanavyofanya.

"Umeona?" alimuambia Masudi. "Nilisema ni resori! Nani fundi hapa?"

"Ni weye, Citoyen."

Pale kwa mihogo, Zena hakuwapo. Yule mama alikuja mpaka kwa mulango wa nyuma, ameshika kuku, miguu imefungwa.

"Tata Masudi, ndiye weye? Kuku huyu ni wa mukwe wako, ule wa lori ya chumvi. Anasema tangu ndoa ya Zena, ile ya usiku juma lililopita, hajakuletea kitu. Kusimama mbele yako anaona haya, ni heshima ya bukwe. Amekwisha kwenda na muke yake."

Masudi akashuka chini, akapokea kuku kwa mikono mibili.