Kaburi Namba Kumi na Moja

Walipomaliza kufukua kaburi namba kumi, Avelina alianza kutetemeka. Namba kumi na moja lilikuwa la Shedrack, mume wake wa kwanza, na yeye alijua kwamba ndani yake hamna Shedrack.

"Baridi, mama?" aliuliza Hosiana, afisa wa mradi, binti mpole mwenye kizibao cha rangi ya chungwa.

"Baridi tu, mwanangu."

Ilikuwa saa tatu asubuhi, ukungu wa Njombe bado umelalia mashamba. Uwanja wa ndege ulikuwa unapanuliwa. Njia ya kurukia ingerefushwa mpaka ndege kubwa za mizigo ziweze kutua, parachichi zipae kutoka hapa hapa kwenda ng'ambo, zisiteremke tena na malori kupitia Makambako na kuivia njiani. Avelina mwenyewe alikuwa na miti mia mbili. Siku ya mkutano alipiga vigelegele kuliko wote. Vilimkauka kooni siku wapima ardhi walipopigilia kigingi kando ya msalaba wa Shedrack.

Shedrack alikuwa mpasua mbao wa Makambako, mwenye chuma kilichofungwa kwenye mfupa wa mguu, kumbukumbu ya gogo lililomwangukia. Miaka kumi na mbili iliyopita alikwenda na rafiki yake Yosefu kule Manda, Ziwa Nyasa, kununua dagaa. Yosefu alirudi peke yake, hana hata viatu. Mtumbwi ulipinduka, alisema, ziwa likamchukua Shedrack.

Walingoja wiki mbili. Maiti haikuonekana. Wazee husema asiyezikwa hatulii, na mwili usipopatikana, huzikwa shina la mgomba badala yake. Lakini padre gani atakuja kuzika mgomba? Ndipo Yosefu akatoa shauri. Akaenda tena ziwani, akarudi na jeneza limeshapigwa misumari. Maiti imepatikana, akawaambia watu, ila imeharibika, lisifunguliwe. Avelina peke yake ndiye aliyeambiwa ukweli, kwamba ndani mna shina la mgomba. Padre akazika, akaandika kwenye kitabu cha parokia. Miaka miwili baadaye kitabu hicho hicho kilimruhusu mjane kufunga ndoa na Yosefu.

Sasa ndoa yote ilikuwa imeegemea mgomba uliooza. Wakiona jeneza halina mifupa, padre ataitwa, na kitabu kitafunguliwa upya. Binti yao Hilda alikuwa anapokea komunyo ya kwanza Jumapili ijayo. Angesimamaje mbele ya altare, watu wakinong'ona kwamba mama yake aliolewa kwa uongo? Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Hii ya kwao ilikuwa imejikokota miaka kumi na mbili, na leo ilikuwa imekutana na njia ya ndege.

Yosefu aliogopa kumzidi. Mwezi mzima hakula akashiba. Mara tatu alikwenda ofisi ya mradi kuomba kaburi lisifukuliwe, limwagiwe lami tu hapo lilipo. Avelina alimpenda zaidi kwa hilo. Siku zote Yosefu ndiye aliyelitunza kaburi hili. Hata saruji aliimwaga yeye, muda mfupi baada ya arobaini, katikati ya masika, Avelina akiwa Makambako wiki nzima anamuuguza mama yake. Alirudi akakuta kaburi limesakafiwa, saruji nene kama ya sakafu ya ghala. Alilia kwa shukrani.

"Nyundo ya kwanza ni ya ndugu," alisema Clemens, msimamizi wa wachimbaji. "Baba Hilda, karibu."

Yosefu aliinua nyundo. Ikamponyoka.

"Siwezi."

"Nipe mimi," alisema Avelina. Aligonga mara moja, kwa woga, saruji ikatoa ufa mdogo. Vijana wakaendelea.

Yosefu alimvuta kando. "Mama Hilda, twende nyumbani."

"Tukiondoka watatushuku. Tutasema udongo huu mwekundu umekula mifupa. Nani atabisha?"

"Twende, nakuomba." Jasho lilikuwa linamtiririka, katika baridi ile.

"Baba Hilda, tulilianza wote. Tutalimaliza wote."

Saruji iling'olewa vipande vipande. Majembe yakaanza. Avelina alitoa rozari yake mfukoni. Jeneza lilikuwa chini sana, alikumbuka, kimo cha mtu mzima. Alikuwa na muda wa kusali rozari nzima, na huenda Mama Maria angemwonea huruma kabla hawajafika.

Hakumaliza hata fungu la kwanza. Clemens aliinua mkono.

"Simameni!"

Majembe yakatulia. Shimo lilikuwa bado halijapita magoti.

"Mmeshafika kwenye jeneza?" aliuliza Hosiana.

"Bado. Jeneza litakuwa chini huko." Clemens alikuwa amechutama, anafagia udongo kwa kiganja, polepole. "Huyu yuko juu, amewekwa baadaye."

Alitoa mfupa mrefu wa mguu, akaupangusa kwa shati lake. Ulikuwa umeshikamana na bamba la chuma lenye skrubu nne.

Rozari ilimdondoka Avelina. Aligeuka kuutafuta mkono wa mume wake.

Yosefu hakuwa akitazama shimoni. Alikuwa akimtazama yeye, kuona kama ameelewa.