Aliyebaki Ndani ya Seva

Kabla ya kuizima seva na kuiwasha upya ipokee kiini kipya cha mfumo, fundi aliuliza kompyuta nani bado yumo ndani. Jumapili mchana, ofisi nzima ilikuwa tupu. Yakaja majina mawili: lake, na la mzee.

Mzee alikuwa kaburini mwezi wa nane sasa. Alikutwa Jumamosi asubuhi ameinamia meza yake, amekwisha kata roho. Ndiye aliyemfunza fundi kazi, na sharti lake lilikuwa moja: "Usizime mtambo mwenzako akiwa ndani. Muulize, umngoje."

Fundi akacheka peke yake, kicheko kikamkauka. Lakini sharti ni sharti. Akaandika, "Shikamoo mzee. Naomba kuzima," akautuma ujumbe.

Kisha miguu ikampeleka yenyewe kwenye meza ya pembeni ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa. Akawasha skrini, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati. Kitufe cha Enta kilikuwa kimelika upande mmoja.

Shikamoo yake ilikuwa imefika. Juu yake palikuwa na ujumbe wa mzee kwake, wa Ijumaa ile ya mwisho jioni, fundi alipochomoka mapema bila kujitoa kwenye seva.

"Mwanangu, bado umo? Nataka kuzima niende nyumbani, kifua kinanibana. Usijali, maliza kazi yako. Nakungoja."

Fundi akakalia kiti cha mzee. Akaandika polepole, kwa kidole kimoja.

"Nimeshatoka, mzee. Nenda nyumbani."